Kabla ya Kumpigia Mwenye Kiwanja

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na dalali. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Mwankoko, nachagua mbegu za alizeti za kupanda. Sauti ilikuwa ya kijana, changamfu kweli.

"Mzee shikamoo. Nimesikia unauza nyumba."

"Marahaba. Umesikia kwa nani?"

"Kuna watu wamesema huko mtaani."

"Watu gani?"

"Mzee, mimi nina mteja yuko siriasi, ana hela mkononi. Wewe nitajie bei tu."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuona nini kimenipata. Maneno yale nayajua neno kwa neno. "Kuna watu wamesema" niliyasema mimi milangoni kwa watu kabla kijana yule hajazaliwa. Na yule mteja mwenye hela mkononi namfahamu vizuri. Nimemtaja kwa wenye nyumba wengi sana wa mji huu, ila mimi mwenyewe sijawahi kuonana naye.

Basi ninyi mnaoingia kwenye udalali sasa hivi, kaeni kidogo niwasimulie. Nimeifanya kazi hii Singida mjini zaidi ya miaka thelathini, nikaiacha kwa sababu ya magoti. Yale niliyofanya vizuri nimesahau mengi. Niliyokosea nayakumbuka yote, na nadhani hayo ndiyo yenye faida kwenu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Jumanne, dalali wa baiskeli. Alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Akienda kwa mwenye nyumba, alikuwa anashuka kwenye baiskeli mbali, nyumba nne au tano kabla hajafika, halafu anaikokota polepole kama mtu anayepita tu. Akifika anasalimia, anaomba maji ya kunywa, anauliza habari za mvua. Akimaliza maji anasema, "Mimi nakaa pale nyuma ya stendi ya zamani. Ukiwa na jambo la nyumba au kiwanja, mimi nipo." Anaondoka. Kuuza hakutaji, wala bei.

Siku moja nikamuuliza, "Mzee, mbona tunapoteza muda? Si tungemleta mteja moja kwa moja?"

Akanijibu, "Ukifika kwa mtu na mteja nyuma yako, umeshamuuzia nyumba yake machoni pa majirani. Hata asipouza. Watasema kafilisika, watasema ana mgonjwa, watasema anamkimbia mkewe. Wewe umeondoka, yeye amebaki na maneno."

Nilimwona mzito. Simu za mkononi zilipoenea, nikajiambia mbinu za Mzee Jumanne zilikuwa za enzi za baiskeli. Sasa unaweza kuwapigia watu ishirini kabla ya chai ya saa nne, una haja gani ya kuomba maji?

Simu ya picha nayo ikaja kunivua nguo. Mwalimu mmoja wa sekondari alihamishiwa kazi mbali, akanipa funguo nimtafutie mpangaji. Nikaingia ndani na simu yangu mpya, nikapiga picha kila pembe, nikazitupa zote kwenye grupu la wapangaji na madalali. Sikuangalia nilichopiga. Chumba cha kulala kilionekana chote: chandarua chenye viraka, suruali kwenye msumari, na kioo cha kabati ambamo nilionekana mimi mwenyewe nimeinama, ulimi nje, natafuta pembe nzuri. Kwenye grupu hakuna aliyeuliza kodi. Waliuliza kama chandarua kinapangishwa pamoja na nyumba. Picha ikatembea mpaka kwa wanafunzi wake, na huko alikohamia akakuta jina limeshamtangulia: Mwalimu Viraka.

Alinipigia. Hakupayuka. Alisema, "Athumani, nilikupa ruhusa ya kutafuta mpangaji. Sikukupa chumba changu cha kulala."

Tangu siku ile, kabla sijapiga picha ndani ya nyumba ya mtu nikawa natoa kwanza vyote vilivyo vyake. Nguo, vyeti vya ukutani, picha za watoto, hata dawa zilizo juu ya meza. Nikishapiga namwonyesha mwenyewe picha moja baada ya nyingine, nasubiri aseme ndiyo. Inakula nusu saa. Haijawahi kunila zaidi ya hapo.

Lakini hilo la mwalimu ni la kucheka. Ninalotaka mlisikie hasa ni la Bi. Tausi.

Kulikuwa na kampuni moja ndogo ya kupima viwanja, siku hizi haipo tena. Jamaa mmoja aliyewahi kuifanyia vibarua alinifuata na karatasi za fotokopi alizotoka nazo. Zilikuwa na majina ya wenye viwanja, namba za viwanja, na namba za simu zao. Wenyewe walikuwa wameziandikisha ili waitwe siku ya kuwekewa mawe ya mipaka, basi. Jamaa alitaka kuku wawili wa kienyeji. Nikampa majogoo wawili wazuri, nikarudi nyumbani nikijiona nimeokota dhahabu.

Na safari ile mteja alikuwepo kweli. Alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kutoka Sekenke, mwamba ulikuwa umemkubali, akataka kiwanja Mwankoko ajenge kabla hela haijapata mabawa. Nikafungua orodha, nikaanza kupiga. Jina la saba au la nane lilikuwa Tausi.

Akapokea mwanaume. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Sikunyamaza.

"Habari za hapo. Naomba kuongea na Bi. Tausi, mwenye kiwanja cha Mwankoko."

"Kiwanja gani?" akauliza yule mwanaume.

Nami nikadhani ni mumewe, nikamwaga vyote. Namba ya kiwanja, ukubwa wake, kwamba kiko njia ya kwenda bondeni, kwamba kimeshapimwa, kwamba nina mteja. Yule mwanaume alikuwa anasema tu, "Enhe. Endelea. Enhe." Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko mteja yeyote niliyewahi kumpata. Mwisho akasema, "Sawa, tutakutafuta." Nikafurahi.

Siku mbili baadaye akaja ofisini kwangu, yeye na wazee wawili wa ukoo. Alijitambulisha kwa jina la Shabani. Akasema wanataka kuuza kile kiwanja, ni mali ya kaka yake aliyefariki. Nikamuuliza, "Na Bi. Tausi?" Akajibu, "Huyo ni mke wa marehemu. Mambo ya ukoo yanasimamiwa na ukoo." Nikawaambia walete karatasi. Wakaondoka wakisema wataleta.

Kesho yake asubuhi akaja mwanamke. Alikuwa amevaa kitenge na sweta ya kuzuia ule upepo wetu wa mwezi wa saba. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Wewe ndiye Athumani dalali?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Namba yangu ulipewa na nani?"

Nikataka kusema kuna watu wamesema mtaani. Lakini alikuwa ananiangalia machoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

Akanieleza amesimama palepale. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Alibaki na watoto watatu kwenye nyumba iliyo ndani ya uwanja wa ukweni. Alikuwa analima alizeti na kukamua mafuta yake, anafuga kuku, na kila msimu alikuwa anapeleka kidogo kwa mzee mmoja aliyekubali kumuuzia kiwanja kwa awamu. Hakumwambia mtu. Siku ile niliyopiga, simu yake ilikuwa dukani kwa shemeji yake Shabani, ameiacha ichajiwe kwenye sola. Ndivyo ukoo ulivyojua. Sasa wanasema kiwanja kilinunuliwa kwa ng'ombe wa marehemu, kwa hiyo ni cha ukoo, karatasi yake ya mauziano hawaiamini, na wameshapata dalali wa kukiuza.

"Dalali mwenyewe ni wewe," akasema.

Nikamuuliza swali la kijinga. "Lakini mama, kwa nini ulificha?"

"Sikuficha kwa ubaya. Nilitaka kwanza nijenge ukuta, ndipo niseme. Kitu kisicho na ukuta kila mtu anapita. Umeona mwenyewe, hata wewe umepita."

Akageuka akaondoka. Sikula mchana ule. Mke wangu aliponiuliza nina nini nikamwambia yote, hata habari ya majogoo, maana alikuwa anawatafuta. Akasema, "Mdomo wako ndio uliomtoa nje. Miguu yako imrudishe ndani."

Dalali anajua kitu kimoja kuliko watu wengine: kumtafuta muuzaji wa zamani. Nikaanza na balozi wa nyumba kumi wa eneo lile, akanitajia aliyekimiliki kiwanja kwanza, Mzee Yohana. Alikuwa ameshahama, amerudi kwao Kilimatinde. Safari hii kabla sijaenda nilimtumia Bi. Tausi ujumbe kupitia kwa balozi: naomba ruhusa yako nimfuate mzee aliyekuuzia, aje aseme ukweli. Jibu likaja na neno moja. Nenda.

Nikapanda basi hadi Manyoni, na kutoka pale bodaboda ikanifikisha Kilimatinde. Nilimkuta Mzee Yohana jirani na majengo ya zamani ya misheni, anachonga mzinga wa nyuki, masikio yake mazito. Nilisalimia mara tatu kabla hajaitikia. Nilipotaja jina la Tausi akaweka mzinga chini.

"Yule mama wa alizeti? Ana nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza na la kwangu, sikujificha. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyevunja chungu.

"Alikuja kwangu mumewe ameshazikwa," akasema. "Mwaka wa pili baada ya mazishi. Mimi namkumbuka kwa sababu kila akija alikuwa na harufu ya mafuta mapya, na viganja vimepasuka. Siku ya mwisho alileta dumu la mafuta na jogoo, akasema, baba, leo nimefika. Nitakuja kusema. Ila nauli ni yako."

Nauli ilikuwa yangu, na chakula, na malazi.

Kikao kilifanyika uani kwa mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja mwenye miwani asiyependa maneno mengi. Ukoo ulikaa upande mmoja, Bi. Tausi na dada yake upande mwingine. Mimi nilipewa kigoda katikati, na sijawahi kukalia kitu kigumu kama kile. Shabani alieleza hoja yake, na niwe mkweli, hakueleza kama mwizi. Alisema, "Hawa watoto ni wa kaka yangu. Nikisikia kuna mali na siambiwi, naogopa. Kesho itauzwa na watoto wakose."

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe dalali, namba ya huyu mama uliitoa wapi?"

"Kwenye orodha."

"Orodha uliipata wapi?"

"Niliinunua kwa mtu."

"Kwa kiasi gani?"

"Kuku wawili."

Watu walicheka, hata wale wazee wa ukoo. Mwenyekiti mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Mtu ambaye hakucheka ni Bi. Tausi. Nilimwangalia, na kicheko cha wale watu kikanichoma kuliko matusi. Siri ya mwanamke wa watu, misimu yote ile ya alizeti, nilikuwa nimeinunua kwa majogoo wawili.

Mzee Yohana akasimama. Akasema mwaka aliouza, akasema nani alileta hela na nani alishuhudia, akatoa nakala yake ya mauziano iliyokunjwa ndani ya Biblia. Jina la mnunuzi lilikuwa moja tu, Tausi, na kwa tarehe ile mumewe alikuwa ameshafariki. Mwenyekiti alisoma mara mbili, akampa Shabani naye asome. Shabani alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho aliinama.

"Shemeji," akasema, "kumbe ulikuwa unalima peke yako."

"Nilikuwa nalima na watoto wa kaka yako," Bi. Tausi akajibu. "Na ni kwa ajili yao."

Kikao kiliishia hapo. Hakuna aliyepigwa faini, hakuna aliyepelekwa mbele. Nilimfuata Bi. Tausi njiani nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe, nami sikumdai neno hilo. Kiangazi kilichofuata, nilipopita njia ya bondeni, nilimwona Shabani na mkokoteni wake wa ng'ombe anashusha mchanga kwenye kile kiwanja. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni.

Ile orodha niliiweka kwenye jiko la mkaa siku ileile ya kikao. Nilipata wazo la kuwapigia wote niliokuwa nimeshawasumbua niwaombe radhi. Mke wangu akaniuliza, "Yaani unataka kuwasumbua mara ya pili?" Nikaliacha.

Baada ya hapo nilirudi kwenye mbinu ya Mzee Jumanne, ila kwa njia ya simu. Mbinu yenyewe ni nyepesi: toa namba yako, usichukue ya mtu. Nilipeleka namba yangu kwa mafundi ujenzi, kwa wauza saruji, kwa mabalozi, na kwa kila niliyemwomba maji ya kunywa. Anayenitaka atanipigia. Kumbukeni, siwadanganyi, miezi ya kwanza ilikuwa mikavu. Madalali wenzangu walikuwa wanapiga simu mji mzima na wanapata, mimi nimekaa ofisini nafukuza nzi. Mke wangu aliuza kuku wengi mwaka ule, na kila akiuza jogoo alinikonyeza.

Halafu watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye nyumba nzuri karibu na ziwa Kindai. Alifunga mlango wa ofisi kabla hajakaa. Mtoto wake alikuwa anaumwa, matibabu ni ya mbali, na alitaka kuuza bila mtu kujua sababu. Alisema, "Nimeambiwa wewe ulikosea mara moja hadharani, na hujarudia." Wateja watatu waliniuliza kwa nini mwenye nyumba anauza. Niliwajibu wote, "Niulizeni nyumba ina nyufa au haina. Mengine si yangu." Akauza kwa bei ya haki. Wangejua ana mgonjwa, wangemkaba mpaka nusu. Mtoto yule alipona, siku hizi ni dereva wa lori.

Mkiona sasa kuna sheria ya kulinda taarifa za watu, msinune. Isomeni. Mteja akitaka namba ya mwenye nyumba, mwambie utamwuliza kwanza mwenyewe, na kweli umwulize. Mtu akikwambia hauzi, mshukuru, usimrudie baada ya mwezi na sauti nyingine. Ukipiga simu, hakikisha anayeongea ni mwenye jambo kabla hujataja jambo. Na anayekuja na orodha ya majina mkononi, hata akitaka yai moja, mfungulie mlango atoke. Mnaweza kunijibu kwamba mkiacha ninyi, wengine watapiga. Kweli, watapiga. Mimi nawaambia nilichokiona: wale waliopiga sana wengi wao hawapo tena kwenye kazi, na binti mmoja niliyemfundisha kazi enzi hizo, Neema, niliyemwachia ofisi, ana wenye nyumba ambao hawataki kuongea na mtu mwingine. Juzi amekodi chumba cha pili, cha kuwakaribisha watu wanaotaka kufunga mlango kabla hawajakaa.

Niwamalizie habari ya Bi. Tausi. Ilipita miaka minne bila kuonana. Siku moja, bado nikiwa ofisini, akaingia. Safari hii alivuta kiti mwenyewe. Nilimsalimia, sikuuliza chochote. Tukaongea habari za mvua. Nikampa maji.

Alipomaliza kunywa akasema, "Nimemaliza nyumba ya vyumba vinne. Sisi tunatosha kwenye vitatu. Nataka mpangaji wa chumba kimoja, mwanamke, mwenye kazi yake."

"Nitatafuta," nikasema. "Picha?"

"Za nje tu. Na ukuta uonekane."

Nikafungua daftari. Akanitajia namba ya simu. Ilikuwa mpya, ile ya zamani aliibadilisha baada ya mambo yale. Alitaja tarakimu polepole, akisubiri niandike kila moja, halafu akaomba nimsomee. Nikamsomea. Akaitikia kwa kichwa.

"Nikupigie saa ngapi?" nikamuuliza.

Akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bi. Tausi akacheka. "Jioni, nikishatoka mashineni. Na ikipokelewa na mtu mwingine?"

"Nitasalimia tu, mama. Nitakata."

"Basi andika na hilo," akasema. Nikaandika.